Kiharusi Ambacho Historia ya UKIMWI Haikukihesabu

Historia ya UKIMWI tumeiandika kwa kumtazama mgonjwa aliyekonda. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita ugonjwa huo "Slim", yaani wembamba. Jina hilo lilitufundisha nani wa kumshuku. Mwenye siha aliyeanguka ghafla shambani, akilalamika kichwa, hakuingia katika hesabu yetu.

Hata hivyo, VVU hudhuru pia mishipa ya damu. Ukuta wa ateri ya ubongo ukidhoofika, mshipa hutuna kama puto. Hali hiyo huitwa aneurizimu. Ukipasuka, damu huvuja ndani ya fuvu. Madaktari waliieleza kwanza hasa kwa watoto waliozaliwa na virusi, kisha wakaiona kwa watu wazima pia, zaidi wale ambao kinga yao imeshuka sana. Ni nadra, lakini huua watu wenye umri wa kulea familia.

Hapa ndipo ninapoifikiria Usambara. Aneurizimu haionekani bila picha za mishipa ya kichwa, na katika miaka ya 1990 hospitali zetu za wilaya hazikuwa na mashine hizo. Mtu wa Mlalo au Bumbuli aliyekufa hivyo angezikwa kwa jina la presha, kiharusi au kurogwa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyechunguza tiba za Washambaa, alionyesha kwamba ndugu ndio huamua mgonjwa apelekwe hospitali au kwa mganga. Tusiwalaumu ndugu hao: hospitali yenyewe haikuwa na jibu la kuwapa.

Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka 1999, na mwaka 2004 Serikali ikaanza kutoa ARV bila malipo. Dawa hizo, kwa kulinda kinga, huilinda pia mishipa. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi Hai na Dar es Salaam. Usambara haikuwamo.

Pengo hilo linaweza kupunguzwa leo. Kijana aliyepata kiharusi apimwe VVU kwa ridhaa yake au ya ndugu zake. Anayeishi na VVU akipatwa na maumivu makali ya ghafla ya kichwa, apewe rufaa ya haraka badala ya kurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Naye mwandishi wa cheti cha kifo aandike chanzo kinachojulikana, na kisipojulikana akiri hivyo. Mwanahistoria ajaye atategemea karatasi hiyo.