Jerry West na Fainali ya 1969

Wapenzi wa mpira wa kikapu kila wanapokutana hubishana ni nani aliyeonyesha moyo mkubwa kupita wote katika fainali za ligi ya kulipwa ya Marekani. Wengi humtaja Willis Reed wa New York Knicks, ambaye tarehe 8 Mei, 1970 aliingia uwanjani akichechemea kwa maumivu ya paja, akafunga vikapu viwili vya mwanzo na kuwatia ari wenzake hadi wakachukua ubingwa. Simpingi mtu. Lakini, ndugu wasomaji, mimi nina mtu wangu, naye usiku ule alikuwa upande wa walioshindwa. Ni Jerry West wa Los Angeles Lakers.

Kwa faida ya vijana mlioko shuleni sasa: timu mbili za mwisho hukutana hadi mara saba, na itakayotangulia kushinda mara nne ndiyo bingwa. Kwa hiyo si rahisi kusingizia bahati mbaya. Lakers walishindwa na Boston Celtics katika fainali za 1962, 1963, 1965, 1966 na 1968, na West alikuwamo katika timu miaka yote hiyo. Mtu mwingine angeomba uhamisho.

Mwaka 1969 ilionekana mambo yamegeuka. Lakers walikuwa wamempata Wilt Chamberlain, lile jitu lililowahi kufunga pointi 100 katika mchezo mmoja, nao Boston walikuwa wamezeeka. Katika mchezo wa kwanza West alifunga pointi 53. Katika mchezo wa tano Lakers walishinda tena, lakini dakika za mwisho West aliumia msuli wa nyuma ya paja. Boston wakasawazisha, ikawa tatu kwa tatu.

Mchezo wa saba ulikuwa tarehe 5 Mei, nyumbani kwa Lakers. Mwenye timu, Jack Kent Cooke, alikwisha kuagiza maelfu ya maputo yafungwe darini, yaangushwe mara baada ya ushindi. Bill Russell, aliyekuwa mchezaji na kocha wa Boston kwa wakati mmoja, alizipata habari hizo, nazo zikawa dawa tosha kwa vijana wake. Robo ya mwisho Lakers walikuwa nyuma kwa pointi 17. Chamberlain akaumia goti, akatoka. Alipoomba kurudi kocha wake alimkatalia, na ugomvi wa hao wawili bado unazungumzwa.

Aliyebaki kuwavuta wenzake ni West, paja likiwa limefungwa bendeji. Pengo likapungua hadi pointi moja. Ndipo Don Nelson wa Boston alipotupa mpira ukagonga chuma cha nyuma, ukaruka juu, ukatumbukia ndani. Boston 108, Lakers 106. West alikuwa amefunga pointi 42, amedaka mipira 13 iliyorudi kutoka ubaoni, na ametoa pasi 12 zilizozaa vikapu. Mwaka huo ndipo ilipoanzishwa tuzo ya mchezaji bora wa fainali, akapewa yeye. Hadi leo hakuna mwingine aliyeipata akiwa katika timu iliyoshindwa. Maputo yalibaki darini.

Na bado alirudi. Katika mchezo wa tatu wa fainali ya 1970 dhidi ya New York, Lakers wakiwa nyuma kwa pointi mbili na muda umekwisha kabisa, West alitupa mpira kutoka futi kama 60, ukaingia. Enzi hizo ligi haikuwa na kikapu cha pointi tatu. Kilikuja mwaka 1979. Kwa hiyo ikawa sare tu, na katika muda wa nyongeza wakafungwa 111 kwa 108. Kwa sheria za leo angekuwa ameshinda mchezo palepale.

Ubingwa aliupata mwaka 1972, na ajabu ni kwamba katika fainali hiyo mitupo yake haikuwa ikiingia kama alivyozoea. Elgin Baylor, aliyekuwa naye tangu kushindwa kule kwa 1962, hakuwa uwanjani. Magoti yalimlazimisha kustaafu mwanzoni mwa msimu huohuo, na mara alipoondoka Lakers walishinda michezo 33 mfululizo.