Kumbukumbu Inaposema Uongo

Tarehe 18 Mei, 2003, wananchi wa Ubelgiji walipiga kura. Katika mtaa wa Schaerbeek, ulio ndani ya jiji la Brussels, kura zilihesabiwa kwa kompyuta, na kompyuta ikampa mgombea mmoja kura 4,096 zaidi ya zile alizopewa na wananchi. Hakuna aliyeiba. Hakuna sanduku lililojazwa usiku wa manane. Jambo lenyewe liligundulika kwa sababu tu hesabu ilikuwa haiwezekani: mgombea alionekana amepata kura nyingi kuliko ambazo angeweza kupata kwa utaratibu wa uchaguzi ule. Hesabu iliporudiwa, zile kura 4,096 hazikuonekana tena.

Kwa mimi na wewe, 4,096 ni namba kama namba nyingine. Kwa fundi wa kompyuta ni alama ya kidole cha mwizi. Kompyuta haizijui tarakimu zetu kumi; inazijua mbili tu, sifuri na moja. Sasa chukua moja, izidishe kwa mbili, jibu lizidishe tena kwa mbili, fanya hivyo mara kumi na mbili. Utapata 4,096 kamili, bila kupungua wala kuzidi. Maana yake ni kwamba ndani ya kumbukumbu ya mashine ile, sehemu moja ndogo kabisa, ile inayoitwa biti, iligeuka kutoka sifuri ikawa moja pasipo kuamriwa na mtu. Wataalamu waliichambua programu wasione kosa. Wakaishia kusema kwamba huenda biti iligeuka yenyewe.

Ningependa leo tuzungumze juu ya kumbukumbu hiyo, na juu ya mafundi wanaojua kuisaka inaposema uongo. Ustadi wao unaonekana vizuri zaidi katika mashine za zamani zinazoitwa minikompyuta. Jina lisiwadanganye. Minikompyuta ilikuwa na ukubwa wa jokofu, na nyingine zilijaa makabati mawili au matatu. Iliitwa ndogo kwa sababu iliyokuwapo kabla yake ilihitaji ukumbi mzima. PDP-8, iliyotoka mwaka 1965, iliuzwa dola 18,000 za Marekani, na watu wakasema ni bei ya bure. Sisi Tanzania wengi hatukubahatika kuziona, kwani mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na zuio lile lilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Wengi wetu tuliruka daraja hilo, tukakutana moja kwa moja na kompyuta ya mezani.

Kampuni iliyotengeneza PDP-8 iliitwa Digital, na mwanzo wake hasa ni ugonjwa wa kumbukumbu. Mapema miaka ya 1950, katika chuo cha MIT huko Marekani, kulikuwa na kompyuta kubwa iliyoitwa Whirlwind. Kumbukumbu yake ilikaa ndani ya mirija ya kioo, jamaa ya kioo cha televisheni ya zamani, na mirija ile ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Mafundi walitumia saa nne kila siku kuitengeneza, na hata hivyo kwa wastani haikupita saa mbili bila kukosea. Jay Forrester na wenzake wakaja na dawa: vipete vidogo vya feraiti, yaani udongo wa chuma uliochomwa, vilivyotungwa kwenye nyaya kama shanga. Kila kipete kiliweza kutiwa sumaku ya kuzunguka upande huu au upande ule. Upande huu ni sifuri, ule ni moja. Lakini nani angethubutu kuitia shanga hizo katika mashine kubwa kabla hazijajaribiwa? Ikajengwa kompyuta nyingine nzima kwa kazi hiyo moja tu ya kuzijaribu, na kijana aliyesimamia ujenzi wake aliitwa Kenneth Olsen. Vipete vilipoingizwa Whirlwind mwaka 1953, matengenezo yalishuka kutoka saa nne kwa siku hadi saa mbili kwa wiki, na muda kati ya kosa na kosa ukapanda kutoka saa mbili hadi wiki mbili.

Mwaka 1957 Olsen, pamoja na Harlan Anderson, walichukua mtaji wa dola 70,000, wakapanga chumba katika kiwanda kikuukuu cha sufi mjini Maynard, wakaanzisha Digital. Miongoni mwa bidhaa zao za mwanzo zilikuwa mitambo ya kupimia kumbukumbu. Minikompyuta zilifuata baadaye.

Mimi binafsi navihusudu vipete vile. Vilitungwa kwa mikono, zaidi na wanawake, wakitazama kupitia kioo cha kukuza, uzi baada ya uzi. Na havisahau umeme unapokatika. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari, 1986, kompyuta zake, zilizotumia kumbukumbu ya aina hiyo, ziliopolewa kutoka chini ya bahari, na mafundi wakaweza kusoma yaliyokuwa ndani. Vilikuwa na kasoro moja ya kuchekesha: ukikisoma kipete, unakifuta. Ili kujua kimeelekea upande gani ilibidi kukilazimisha kielekee upande wa sifuri, na kama kilishtuka, basi kilikuwa moja. Kwa hiyo kila baada ya kusoma, mashine iliandika upya ilichokisoma.

Uzi kwa uzi ni kazi ghali. Katika miaka ya 1970 zikaja chipu za silikoni, ambazo kila biti ndani yake ni chaji ndogo ya umeme iliyohifadhiwa katika kikombe kinachovuja. Naam, kinavuja! Chipu ya aina ya 4116, iliyotoka mwaka 1976 na kutumika mno, lazima vikombe vyake vyote vijazwe upya kila baada ya sehemu mbili za elfu ya sekunde. Umeme ukikatika, yote yamekwenda. Lakini ilikuwa rahisi na ndogo, na rahisi humshinda imara sokoni.

Sasa tuingie karakana. Mbele ya fundi ipo PDP-11, mashine ya Digital iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1970 na kuuzwa kwa maelfu na maelfu. Imekaa stoo miaka thelathini. Ndani yake kuna bodi ya kumbukumbu ya aina ya MS11-L, ambayo ikiwa kamili ina chipu 144 za kumbukumbu, zimepangwa kama viti vya ukumbini, na chipu moja tu kati ya hizo ni mbovu. Ataipataje?

Fundi mbaya atawasha mashine kwanza. Fundi mzuri atachomoa bodi, atawasha kabati tupu, na kupima umeme. Chipu ya 4116 inakula volti za aina tatu: 12, 5, na 5 nyingine ya upande hasi. Ile hasi ikikosekana huku nyingine zikiwapo, chipu inaweza kufa papo hapo, na kwa hiyo fundi mwenye pupa anaweza kuanza na chipu moja mbovu akamaliza na 144. Nimewaona mafundi wa redio wa mtaani kwetu wakishika kanuni hiyo hiyo bila kusomeshwa na mtu: umeme kwanza, mengine baadaye.

Umeme ukiwa sawa, bodi inarudishwa, na hapo linatokea tatizo la ajabu kidogo. Programu ya kupimia kumbukumbu nayo inahitaji kumbukumbu ya kukaa. Ni kama kumtuma mshitakiwa akajichunguze mwenyewe. Ikiwa ubovu uko mahali programu ilipokaa, haitakwenda hata hatua moja, au itakwenda na kuleta majibu ya kipuuzi. Ndiyo maana mafundi wa PDP-11 walizipenda zile swichi za mbele ya mashine. Unapanga anwani kwa vidole, unaweka neno kwa vidole, kisha unalisoma katika taa. Unatafuta kwanza eneo dogo lenye afya, unaiweka programu hapo, ndipo unaiachia ikapime kwingine.

Kipimo cha kwanza: andika sifuri kila mahali, kisha soma. Cha pili: andika moja kila mahali, kisha soma. Kwa nini vyote viwili? Kwa sababu biti iliyoganda kwenye moja itafaulu mtihani wa moja kwa alama zote. Utaikamata tu ukiidai sifuri.

Lakini kuna ubovu unaopita mitihani yote miwili huku unacheka. Fikirini masanduku ya posta. Tuseme mgawa barua haioni tarakimu ya mwisho ya namba ya sanduku, kwa hiyo barua za sanduku 70 na za sanduku 71 anazitia zote katika sanduku 70, na ukija kuuliza ya 71 anakuchukulia kutoka hilo hilo. Ukituma barua zinazofanana kwa watu wote, hutagundua kitu, kila mtu atapata barua yake. Ukimwandikia kila mmoja jina lake, siri itafichuka mara moja. Basi fundi huandika katika kila anwani namba ya anwani hiyo yenyewe. Akisoma 71 katika sanduku la 70, amejua kwamba chipu hazina kosa. Waya wa anwani ndio uliokufa.

Kutoka hapo ni kazi ya kufikiri zaidi kuliko ya kulehemu. Tuseme biti ya saba inakosea. Je, inakosea katika kumbukumbu nzima? Basi si chipu ya kumbukumbu, kwani biti ya saba inahudumiwa na chipu nane, na nane hazifi siku moja. Tazama mlango wanaoupitia wote, au meno ya bodi yaliyoshika kutu. Inakosea katika sehemu moja ya nane tu? Hiyo ni chipu moja, na ramani ya bodi itaonyesha ni ipi. Inakosea mashine ikishapata joto? Wapo wanaochukua kifaa cha saluni cha kukaushia nywele na kupasha chipu moja moja, kisha kupuliza baridi, mpaka mwenye homa ajulikane. Na kabla ya kumhukumu, ukiweza, mhamishe. Toa chipu unayoishuku, ibadilishane mahali na jirani yake. Kosa likihama nayo, umempata. Kosa likibaki palepale, umemsingizia.

Kuna ubovu wa mwisho, na huu ndio uliowasumbua wakubwa. Katika miaka hiyo ya 1970 kosa lilitokea mara moja, chipu ikapimwa, ikaonekana nzima kabisa. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walieleza kisa chake. Ganda la chipu, lile la kauri linaloilinda, lilikuwa na chembechembe za urani na thori, madini yenye mionzi. Mara mojamoja chembe ya alfa ilichomoka katika ganda, ikapita ndani ya silikoni na kubatilisha kikombe kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna kitu cha kubadilisha hapo, maana hakuna kilichovunjika. Watengenezaji wakabidi wasafishe malighafi zao. Hata hivyo mionzi mingine hutujia kutoka angani, na hiyo haina kiwanda cha kusafishia.

Kwa hiyo ilibidi mashine ifundishwe kujishuku. Katika ile MS11-L, kati ya kila chipu 18 mbili ni walinzi: kila baiti ina biti moja ya ziada inayosema kama idadi ya moja ni shufwa au witiri. Mlinzi huyo anajua kupiga kelele kwamba kuna kosa. Liko wapi, hajui, na makosa mawili yakitokea pamoja, anasinzia. Dawa iliyo bora ilikwisha patikana zamani. Mwaka 1947 Richard Hamming wa maabara za Bell alikuwa akiachia mashine kazi zake mwishoni mwa wiki. Ilipogundua kosa, mashine iliitupa kazi yake na kuendelea na nyingine. Jumatatu anakuta hakuna kitu. Akakasirika, akauliza kama mashine inaweza kugundua kosa, kwa nini isigundue lilipo na kulisahihisha? Jibu lake alilichapisha mwaka 1950, na kompyuta kubwa za benki na za simu hadi leo zinategemea kanuni za ukoo huo. Kompyuta nyingi za bei nafuu, mkiwamo hizi za maofisini mwetu, hutumia kumbukumbu isiyo na mlinzi wa aina hiyo, kwa sababu mlinzi ana gharama.

Mtauliza nani bado anahangaika na PDP-11. Wamo watu wa makumbusho, na wamo wazee waliozipenda ujanani. Lakini mwaka 2013 ilitoka habari kwamba General Electric ya Kanada ilikuwa inatafuta mtu wa kuandika programu za PDP-11, kwani mashine hizo zilikuwa zinaendesha roboti katika mitambo ya umeme wa nyuklia, na zilitarajiwa kuendelea na kazi hadi mwaka 2050. Digital yenyewe ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998. Bodi inapokufa sasa hakuna dirisha la kwenda kudai nyingine. Fundi huinunua bodi ya mashine iliyokwisha kufa, hung'oa chipu zake moja moja, na kabla ya kuilehemu hata moja huanza upya: sifuri kila mahali, moja kila mahali, kisha kila sanduku kwa jina lake.