Saa ishirini na nne za Katito

Mtoto aliyepelekwa kliniki Katito kabla ya Novemba 2001, pale njia za Ahero, Sondu na Kendu Bay zinapokutana katika Nyakach, alichanjwa dhidi ya kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Hizo ndizo chanjo za mpango wa taifa ulioanza 1980. Homa ya ini aina ya B haikuwemo, ingawa chanjo yake iliidhinishwa Marekani 1981 na Taiwan ilikuwa ikiwachanja watoto wachanga tangu 1984. Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziiingize kwenye ratiba zao kufikia 1997, lakini bei ilizikalisha nchi maskini nje ya mlango hadi mfuko wa Gavi ulipoundwa mwaka 2000. Ugonjwa wenyewe haukupiga kelele. Mtoto aliyeambukizwa hucheza na wenzake kama kawaida, kisha ini humharibikia akiwa mtu mzima mwenye watoto, na hakuna anayekumbuka kuuliza alizaliwa vipi. Hata jina lilituchanganya: macho yakigeuka manjano, wengi husema ni homa ya manjano, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoletwa na mbu.

Kinga ilipofika Novemba 2001, ilibebwa mgongoni na kinga nyingine. Katika sindano ileile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda iliongezwa kinga ya homa ya ini na ya Hib, kisababishi cha nimonia na homa ya uti wa mgongo, ikawa sindano moja ya paja la kushoto katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama hakuongezewa safari hata moja ya kliniki. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya mafanikio yake: chanjo ambayo ingemdai mama wa Nyakach ya chini safari ya pekee, katika tambarare ambako mafuriko hukata barabara, ingekwama. Lakini aliyebebwa hachagui saa ya kuondoka. Wiki ya sita ilikuwa saa ya kifaduro. Virusi vya homa ya ini vina saa yao, nayo ni siku ya kuzaliwa.

Waliopanga ratiba hiyo hawakuwa wazembe, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Walisema Afrika si Asia: huku maambukizi mengi hutokea watoto wakicheza pamoja, kwa vidonda na wembe wa kuazimana, wala si wakati wa kujifungua. Ushahidi ulikuwepo. Utafiti wa Okoth na wenzake, uliochapishwa 2006 katika East African Medical Journal, uliwapima wajawazito zaidi ya 2,200 nchini Kenya ukakuta zaidi ya 9 kwa kila 100 wana virusi, lakini miongoni mwa hao, chini ya mmoja kati ya kumi ndiye aliyekuwa na ile dalili ya damu inayoonyesha uwezo mkubwa wa kumwambukiza mtoto. Tatizo ni kwamba hoja hiyo inahesabu vichwa bila kupima mzigo. Mtu mzima akiambukizwa, uwezekano wa kubaki na virusi maisha yake yote ni chini ya 5 kwa 100. Mtoto mchanga, ni takriban 90. Huyo wa wiki sita aliyekwisha kuambukizwa, sindano haimtoi tena virusi. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mtoto, popote, apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24.

Hoja yao ya pili ilikuwa kwamba akina mama huzalia nyumbani, basi nani atamchanja mtoto usiku? Mwaka 2003 ilikuwa hoja ya haki, maana takriban 40 tu kati ya kila wazazi 100 nchini walijifungulia kituoni. Tangu huduma ya uzazi ifanywe bure mwaka 2013 hali imegeuka, na utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata 82. Tena mtoto anayezaliwa kituoni hupewa hapohapo chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Mkono wa muuguzi ulikuwa hapo, mtoto alikuwa hapo, lakini kwa miongo miwili ya kwanza ratiba ya Kenya haikuwa na dozi hiyo ya siku ya kwanza.

Wapo pia wanaohofu kwamba kinga ya utotoni huisha ujanani. Watu waliochanjwa Alaska 1981 wamefuatiliwa kwa miaka 30, na zaidi ya 9 kati ya 10 walionekana bado wamekingwa, hata wengi wa wale ambao kipimo cha damu kilionyesha kinga imefifia, kwa kuwa mwili hukumbuka. Kwa hiyo pengo halipo kwa vijana waliochanjwa. Lipo kwa waliowatangulia, na wengi wao ndio mama wa leo. Msichana aliyezaliwa Katito mwanzoni mwa 2001, kabla ya chanjo kufika, atatimiza miaka 45, umri ambao bado anaweza kuzaa, mwaka 2046.