Homa Isiyokuwa ya Malaria

Mgeni atokaye pwani, asikiapo jina la Homa Bay kwa mara ya kwanza, hudhani kwamba ghuba ile iliitwa hivyo kwa sababu ya maradhi. Sivyo. Jina lahusiana na Mlima Homa, ule usimamao peke yake kando ya ziwa. Walakini kosa la mgeni huyo lina punje ya ukweli ndani yake, kwani ni sehemu chache za Kenya ziijuazo homa kama ukingo huu wa Ziwa Viktoria, tangu Homa Bay yenyewe hata Migori na mpaka wa Tanzania. Mbu wa malaria hapa hapumziki mwaka mzima. Hata chanjo ya kwanza ya malaria, ilipoanza kutolewa nchini Kenya mwezi wa Septemba 2019, ilizinduliwa Ndhiwa, katika kaunti ya Homa Bay.

Basi katika nchi ya namna hii, mtu akishikwa na homa, viungo vikamwuma na mwili ukalegea, ni nani atakayeuliza maswali mengi? Atapewa dawa ya malaria. Homa ikirudi, atapewa tena. Na mara nyingi aliyempa huwa hakukosea. Lakini wako wachache ambao homa yao haikuletwa na mbu. Kinga ya mwili wao, ile iliyoumbwa kupigana na vijidudu, imegeuka kama askari walioasi na kuushambulia mji waliowekwa kuulinda: huunguza ngozi, huvimbisha viungo, huharibu figo, na pengine hugusa moyo na ubongo. Ugonjwa huo huitwa lupasi. Hauambukizi. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, na wengi wao wamo katika umri wa kuzaa na kulea.

Historia ya ugonjwa huu ni historia ya watu waliochelewa kuona. Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake mbwa-mwitu, kwa kuwa waganga wa Ulaya wa zamani waliona vidonda usoni wakavifananisha na alama za meno ya mnyama huyo. Kwa karne nyingi jina hilo lilitumika kwa maradhi mbalimbali ya ngozi, hata yale yaliyokuwa kifua kikuu. Mwaka 1851 tabibu Mfaransa, Cazenave, aliutenga ugonjwa huu na kuupa jina lake kamili. Mwaka 1872 Moritz Kaposi wa Vienna alionyesha kwamba haukomei kwenye ngozi, bali huingia mpaka ndani ya mwili, na baada yake William Osler akaeleza kwa kirefu madhara yake katika figo na viungo vingine. Hata hivyo hapakuwa na kipimo cha kuutambua. Kilipatikana mwaka 1948, wakati Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic huko Marekani walipoona katika darubini chembe ya damu ya ajabu, iliyokuwa imemeza kiini cha chembe nyingine. Muda si mrefu dawa ya kotisoni ikaanza kutumika, na wagonjwa waliokuwa wakifa katika miaka michache wakaanza kuishi.

Dawa nyingine ilitoka mahali asipopatazamia mtu, nayo yatuhusu sisi wa ziwani zaidi. Mwaka 1894 daktari mmoja wa London, Payne, aliwapa wagonjwa wake kwinini, dawa ya malaria, akaona nafuu. Mwaka 1951 daktari mwingine, Page, alitangaza kwamba mepakrini, dawa ya malaria waliyokuwa wamenyweshwa askari wa Vita Kuu ya Pili, huwasaidia wagonjwa wa lupasi. Mwaka 1955 ikaidhinishwa huko Marekani haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini, na hata leo hiyo ndiyo dawa ambayo karibu kila mgonjwa wa lupasi hupaswa kuitumia. Wazee wa Migori na Homa Bay wanaikumbuka klorokwini vizuri sana: uchungu wake ulimini, na mwasho uliomfanya mtu akune mwili usiku kucha kana kwamba amelala juu ya upupu. Iliuzwa kila duka mpaka miaka ya 1990, wadudu wa malaria walipokwisha kuizoea na serikali ikaiacha mwaka 1998. Kwa hiyo kwa miaka mingi watu wa huku walimeza ndugu ya dawa ya lupasi bila kulijua jina la ugonjwa huo.

Je, ugonjwa wenyewe ulikuwako? Wataalamu wengi walisema kwamba Afrika haukuwako, au ulikuwa nadra mno. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyefanya kazi Ibadan katika Nijeria, aliandika kwamba maradhi ya namna hii yalionekana mara chache sana katika hospitali ya huko, akakisia kwamba huenda malaria na maradhi mengine ya vijidudu huushughulisha mwili hata usiweze kujipiga wenyewe. Baadaye yeye na wenzake walijaribu kwa panya waliozaliwa na ugonjwa unaofanana na lupasi. Waliotiwa malaria waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Hilo si jambo la kudharauliwa. Lakini ilifahamika pia kwamba huko Marekani wanawake wenye asili ya Afrika huugua lupasi kuliko wanawake Wazungu, tena huugua vibaya zaidi. Tena madaktari wa Nairobi na miji mingine ya Afrika walipopata maabara na kuanza kuutafuta, waliuona. Mimi naona kwamba makisio ya Greenwood yaweza kuwa na kweli yake, lakini yalitoa udhuru rahisi kwa wengine wasiotaka kutafuta. Mahali pasipo na kipimo hapana ugonjwa katika daftari. Na ugonjwa usiokuwamo daftarini haununuliwi dawa.

Ili tuone jinsi pengo la namna hiyo linavyoweza kuzibwa, hatuna haja ya kwenda mbali. Wilaya ya zamani ya South Nyanza, ambayo leo imegawanyika katika kaunti za Homa Bay na Migori, ilipita katika moto mkubwa kuliko huu. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI aliandikwa Kenya mwaka 1984, na katika miaka iliyofuata hakuna sehemu ya nchi iliyopigwa kama kando ya ziwa. Watu walikonda, nywele zikanyonyoka, ngozi ikaharibika. Na wengi walisema hiyo ni chira, adhabu impatayo mtu aliyevunja miiko ya ukoo. Neno hilo liliwafungia wagonjwa mlango. Jamaa waliona aibu kuwapeleka hospitali, na hospitali nayo haikuwa na kitu cha kuwapa. Rais Daniel arap Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999, lakini mwaka uliofuata dawa za kupunguza makali yake zilikuwa bado zinagharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Nani katika wavuvi wa Mbita, au wakulima wa tumbaku wa Kuria, angeweza kulipa?

Mwaka 2001 mambo matatu yalitokea karibu pamoja. Kiwanda cha Cipla cha India kilijitolea kuuza dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Bunge la Kenya likapitisha sheria ya mali ya uvumbuzi iliyofungua njia ya kuleta dawa za bei nafuu. Na katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililokuwa hapo tangu mwaka 1996, likaanza kuwapa wagonjwa dawa hizo bila malipo. Hii ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza za serikali katika Kenya kufanya hivyo. Wapo wataalamu wa ng'ambo waliokuwa wamesema kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kumeza dawa kwa saa zilizopangwa, siku zote za maisha yake. Waliojibu hoja hiyo ni wagonjwa wenyewe. Waliopata nafuu walirudi vijijini wakaonyesha miili yao iliyonenepa. Wakaunda vikundi, wakakumbushana siku ya kliniki, wakamtafuta asiyeonekana. Mwaka 2012 uchunguzi ulionyesha kwamba huko Ndhiwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na virusi. Ulipofanywa uchunguzi mwingine mwaka 2018, zaidi ya watu tisa katika kila kumi waliokuwa na virusi walikuwa wamejua hali yao, na walio wengi sana kati ya hao walikuwa wakitumia dawa zikiwafaa.

Desturi ya kusaidiana haikuletwa na shirika lolote. Waluo wana saga, yaani kazi ya pamoja ya kumlimia mwenzao shamba, na akina mama wana vikundi vyao vya kuchangiana fedha kwa zamu. Kisa cha Lwala, kijiji kilichoko Rongo katika kaunti ya Migori, chaeleza jambo hilo vizuri kuliko hotuba. Kijana mmoja wa huko, Milton Ochieng', alipata nafasi ya kusoma Marekani, lakini hakuwa na nauli. Wanakijiji wakauza kuku na ng'ombe, wakachanga dola 900 za ndege. Nduguye Fred akamfuata baadaye. Wazazi wao wote wawili walikufa kwa UKIMWI. Baba yao, aliyekuwa mwalimu, alikuwa ametamani kijiji kipate zahanati. Wale vijana waliimaliza kazi hiyo, na mwaka 2007 zahanati ikafunguliwa. Jambo lililonipendeza mimi zaidi ni hili: wakunga wa jadi, ambao kwingineko walifukuzwa na kutukanwa, huko walifundishwa wakawa wahudumu wa afya wa jamii, wenye mshahara, wakitembea nyumba kwa nyumba.

Sheria nayo ilisogea. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Mwaka 2012 watu watatu waishio na virusi, waliokuwa wameishtaki serikali katika Mahakama Kuu juu ya sheria iliyoweza kuzihesabu dawa za bei nafuu kuwa ni bandia, wakashinda. Mwaka 2013 huduma za afya zikakabidhiwa kaunti. Mwaka 2023 wahudumu wa afya wa jamii wapatao laki moja wakapewa mikoba ya vifaa, vikiwamo vya kupimia shinikizo la damu na sukari.

Sasa mrudie yule mwanamke mwenye homa isiyokuwa ya malaria. Tuseme anakaa Muhuru, kando ya ziwa, karibu na mpaka. Ananyonyoka nywele, ana madoa usoni yanayozidi akikaa juani, na mimba zake zimeharibika. Kizazi kilichopita angeambiwa ni chira. Leo jirani watanong'ona kwamba ni UKIMWI, nao wakipata habari kwamba kipimo cha virusi hakikuonyesha kitu watastaajabu badala ya kufurahi. Hata kipimo cha kaswende chaweza kumsingizia, kwani damu ya mgonjwa wa lupasi pengine huonyesha kaswende isiyokuwako. Madaktari bingwa wa maradhi ya viungo ni wachache sana katika Kenya, na wengi wao wako Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwake. Yule wa virusi alipelekewa dawa karibu na nyumbani. Huyu hana budi kuifuata yeye mwenyewe.

Siyo kwamba kila jambo lake ni gumu. Kukinga jua kwataka kitambaa au kofia na shauri jema. Figo zikianza kuharibika, kijikaratasi cha kuchovya katika mkojo chaweza kutoa ishara ya kwanza, hata katika zahanati ndogo. Dawa yenyewe, haidroksiklorokwini, ni kidonge tu. Kikundi cha akina mama kilichokwisha kujifunza kumkumbusha mwenzao dawa za virusi hakitahitaji elimu mpya ya kumkumbusha huyu. Kinachokosekana ni muuguzi wa kwanza wa kuuliza swali la pili, wakati homa inaporudi mara ya tatu na damu haina malaria.

Tena tusidanganyike kwamba njia iliyokwisha kulimwa haioti magugu. Mwaka 2020, katika tauni ya korona, watu wengi duniani walikimbilia haidroksiklorokwini wakidhani itawaponya, na haikuwaponya. Wagonjwa wa lupasi katika nchi nyingi wakaikosa madukani. Na mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafula, na kliniki za virusi za Kenya, zilizotegemea misaada hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, zikatetemeka.

Mwanamke wetu wa Muhuru, akibahatika, atapata nauli kutoka kwa kikundi chake, kama Milton Ochieng' alivyopata yake kutoka kwa kijiji. Atafika Nairobi, atapimwa, ataandikiwa vidonge vya kumeza kila siku. Ataambiwa pia kwamba kwa kuwa dawa hiyo yaweza kudhuru macho ikitumiwa miaka mingi, yampasa kuonwa na daktari wa macho mara kwa mara. Atakuwa tayari amekwisha kutumia nauli yote.