Waziri alitaka televizyo «ya Uingereza kweli»: historia inajibu nini?

Leo tuongee kuhusu swali moja lenye lilitoka Uingereza, lakini kila nchi yenye kuwa na televizyo italikuta siku moja.

Mu mwezi wa 9 mwaka wa 2021, waziri mmoja wa Uingereza, John Whittingdale, alisimama mbele ya wakubwa wa televizyo pale Cambridge. Akawaambia kwamba serikali inataka sheria yenye kulazimisha vituo vya umma kutengeneza emisyo ambazo mutu akiziona anajua palepale kwamba zimetoka Uingereza na si mahali pengine. Kati ya mifano yake alitaja Doctor Who, Downton Abbey na Great British Bake Off. Woga wake haukuwa wa bure. Netflix, Amazon na Disney walikuwa wameingia na makuta mengi sana, na hadithi zao zingine zilianza kufanana: mji wenye hauna jina, watu wenye kusema Kingereza cha popote, ili kila mutu duniani aelewe bila kuuliza. Siku zilezile serikali ikapangwa upya, waziri akapoteza kiti. Lakini swali lake lilibaki. Ni nini njo inafanya emisyo ikuwe ya Uingereza? Na serikali inapashwa kuisukuma, ao iache?

Jibu langu nalisema mapema, kisha nitaleta ushahidi. Serikali ya Uingereza ilisaidia televizyo yake sana, hatuwezi kukana. Ilisaidia kila mara ilipopanga makuta, masaa na mahali pa kazi. Kila mara ilipotaka kuchagua maneno yenyewe, iliharibu.

Tuanze na mfano wa waziri mwenyewe. Doctor Who ilionekana mara ya kwanza ku BBC tarehe 23 novemba 1963. Leo ni vigumu kupata emisyo yenye Wangereza wanahesabu kuwa yao zaidi kuliko hii. Lakini tuangalie wenye waliizaa. Mukubwa wa drama pale BBC alikuwa Sydney Newman, Mukanada mwenye kuzaliwa Toronto. Hadithi ya kwanza iliandikwa na Anthony Coburn, mutu wa Australia. Muziki ulitungwa na Ron Grainer, yeye pia wa Australia, halafu Delia Derbyshire, binti wa Coventry, akaugeuza kuwa ile sauti ya ajabu ya vyombo vya umeme. Mwenye aliongoza kazi mu studio alikuwa Waris Hussein, kijana mwenye kuzaliwa Lucknow, India. Na mwenye alisimamia yote, Verity Lambert wa London, alikuwa mwanamke wa miaka 27 mu nyumba yenye wanaume njo walishika karibu kazi zote kubwa. Kama mutu wa serikali angekaa mlangoni akiuliza kila mumoja kama ni Mungereza wa kweli, wengi wao wangerudi nyumbani. Doctor Who haingezaliwa.

Basi haiko damu ya watengenezaji. Ni nini? Ni mahali na kazi yenye walipewa. BBC ilitaka emisyo ya jioni ya siku ya posho, yenye baba, mama na watoto watatazama pamoja, na yenye kufundisha kidogo historia na sayansi. Ndiyo maana wasafiri wa kwanza wa Doctor walikuwa walimu wawili, mumoja wa historia, mwingine wa sayansi. Makuta yalikuwa kidogo, kwa hiyo chombo cha kusafiria kikapewa sura ya kile kibanda cha buluu cha polisi chenye kila mutu alikuwa anakiona mu njia za London. Hakuna mwenye aliwaambia waweke «Uingereza» ndani. Iliingia yenyewe.

Sasa, mahali kama hapo hapakujijenga peke yake. Hapa njo serikali inaingia. BBC ilianza mwaka wa 1922 kama kampuni, na tarehe 1 januari 1927 ikapata hati ya mufalme, chini ya John Reith, mwenye aliona kazi ya redio kuwa kufundisha na kuhabarisha, hapana kufurahisha tu. Televizyo yao ya kila siku ilianza tarehe 2 novemba 1936 pale Alexandra Palace. Vita ikaizima 1939, ikarudi 1946. Tangu mwaka huo kila nyumba yenye televizyo inalipa kodi yake. Ya kwanza ilikuwa paundi 2 kwa mwaka. Kodi hiyo watu wanailalamikiaka mpaka leo. Lakini muone vile ilifanya.

Ku Marekani, makuta yalitoka ku matangazo ya biashara, na faida kubwa ilikuja kisha kuuza emisyo tena ku vituo vingine. Kwa hiyo ilifaa kutengeneza vipindi karibu mia moja ao zaidi, na kundi kubwa la waandishi. Uingereza, mutu mumoja ao wawili waliweza kukaa, kuandika vipindi sita, na kunyamaza wakati hadithi imeisha. Fawlty Towers, yenye watu wanaicheka mpaka leo, ina vipindi 12 tu: sita vya 1975 na sita vya 1979. The Office ya BBC ilianza 2001 na ikaisha na vipindi 12, pamoja na sehemu mbili za Noeli. Wamarekani walipoichukua mwaka wa 2005, walitengeneza karibu 200. Zote mbili ni nzuri. Lakini ile ya kwanza iko na uchungu mukali, na ule uchungu unatoka ku namna ya kulipa, mbele ya kutoka ku tabia ya taifa.

Tuendelee. Tarehe 2 juni 1953, watu karibu milioni 20 walitazama malkia Elizabeth akivikwa taji, wengi wao ku majirani kwa sababu hawakuwa na chombo. Ku Marekani, kituo cha NBC kilionyesha sherehe hiyo pamoja na sokwe wake maarufu, J. Fred Muggs. Kule London wakubwa wakakasirika vibaya. Bunge lilikuwa linabishana juu ya kuruhusu televizyo ya biashara, na yule sokwe akawa hoja. Sheria ikapita 1954, ITV ikaanza tarehe 22 septemba 1955, lakini na kamba shingoni: emisyo zake zilipashwa kuwa na kipimo kizuri cha kazi ya Wangereza wenyewe. Mu vitendo, emisyo za nje hazikupashwa kupita asilimia 14.

Tena ITV haikupewa mutu mumoja. Iligawanywa kwa majimbo, kila kampuni na mahali pake. Granada ikapewa upande wa kaskazini, makao yake Manchester. Pale kijana mumoja, Tony Warren, akaandika juu ya njia moja ya watu wa kazi, kwa Kingereza cha kwao, chenye wenye elimu ya London walikuwa wanakicheka. Hata wakubwa wengine wa Granada walikuwa na mashaka. Coronation Street ilianza tarehe 9 desemba 1960, na mpaka leo inaendelea. Serikali haikumuambia Warren aandike nini. Ilisema tu kwamba kampuni ya kaskazini ikae kaskazini. Hiyo peke yake ilitosha.

Hapa kuna jambo lenye waziri alilisahau: hakuna Uingereza moja. Muulize watu wa Wales. Serikali ya Margaret Thatcher iliahidi kuwapa kituo cha lugha yao, kisha ikageuka. Mwaka wa 1980 Gwynfor Evans, kiongozi wa miaka mingi wa chama cha Plaid Cymru, akatangaza kwamba atafunga kula mpaka kufa. Serikali ikarudi ku ahadi yake, na S4C ikaanza tarehe 1 novemba 1982. Kesho yake ikaanza Channel 4, yenye sheria iliiamuru kujaribu mambo mapya na kuangalia watu wenye ITV ilikuwa haiwaangalie. Kituo hicho njo kilileta Derry Girls mwaka wa 2018, juu ya wasichana wa mji wenye hata jina lake linagawanya watu: wengine wanasema Derry, wengine Londonderry. Wengi mu mji ule watakuambia wao ni Wairlandi, hawako Wangereza hata kidogo. Sasa, sheria ikidai emisyo «ya Uingereza kweli», nani atapiga muhuri juu ya ile?

Mutu atasema: lakini serikali tayari inapima. Ni kweli. Tangu 2013 filme kubwa za televizyo zinaweza kupunguziwa kodi zikipita mutihani wa utamaduni: hadithi inafanyika wapi, wahusika ni wa wapi, wanatumia lugha gani, kazi imefanyikia wapi. Leo, pointi 18 juu ya 35 zinatosha. Mutihani huo ninaukubali, kwa sababu unahesabu tu. Hauulize kama hadithi inapendeza serikali.

Na hiyo njo hatari yenyewe. Mwaka wa 1965 Peter Watkins alitengeneza The War Game kwa BBC, kuonyesha bomu la atomiki likianguka ku Uingereza. Wakubwa wa BBC walizungumza na watu wa serikali, kisha wakakataa kuionyesha. Ikapita ku sinema, ikapata Oscar 1967, na Wangereza waliiona ku televizyo yao mwaka wa 1985. Mwaka huohuo waziri Leon Brittan aliomba BBC isionyeshe emisyo moja juu ya Irlandi ya Kaskazini. Wasimamizi wa BBC wakaiondoa, na wandishi wa habari wakagoma. Kuanzia 1988 mpaka 1994 serikali ilikataza sauti za watu wa Sinn Féin zisisikike. Vituo vikaweka wacheza-filme kusema maneno ya Gerry Adams juu ya picha yake. Kumbe serikali inapenda sana uingereza wa televizyo, mpaka siku televizyo inaigeukia.

Lakini kazi zenye Wangereza wenyewe wanakumbuka ziko za namna hiyo. Cathy Come Home ya Ken Loach, tarehe 16 novemba 1966, ilionyesha mama kijana akipoteza nyumba, kisha watoto wake wananyanganywa. Watu karibu milioni 12 waliona. Shirika la Shelter, la kusaidia wenye hawana nyumba, lilizinduliwa majuma mbili nyuma yake na likapata nguvu ku hasira ile.

Januari 2024, ITV ikaonyesha Mr Bates vs The Post Office, vipindi vine tu. Watu zaidi ya 900, wenye kusimamia posta ndogo za mitaa, walikuwa wamehukumiwa kwa wizi ao udanganyifu kwa sababu ya hesabu za kompyuta yenye makosa. Wengine walifungwa, wengine walikufa mbele ya kusafishwa jina. Wandishi wa habari walikuwa wanalisema hilo tangu miaka mingi. Drama ile njo iliamsha taifa. Mu mwezi wa tano sheria ya kufuta hukumu zao ikapita, siku moja na sheria mpya ya vituo vya televizyo. Na wakubwa wa ITV walisema emisyo hiyo iliwaletea hasara. Soko peke yake halingeitengeneza: nani nje ya Uingereza anajua bwana wa posta ya kijiji?

Kuna hoja moja ya upande wa pili, na iko na uzito. Mwaka wa 2025, Netflix ya Marekani ilileta Adolescence, hadithi ya muji wa kaskazini mwa Uingereza, watu wakisema kama wanavyosema kwao, na dunia nzima ikaitazama. Basi soko linaweza? Linaweza. Lakini Jack Thorne, mumoja wa wenye waliiandika, na Stephen Graham, mwandishi mwenzake na mucheza-filme, walikutana zamani mu This Is England '86 ya Channel 4. Netflix ilivuna, shamba lililimwa na wengine.

Kwa hiyo, kama waziri yule angeniuliza, ningemujibu hivi. Linda makuta ya umma. Lazimisha vituo vikae mu majimbo na lugha zote. Fungua mlango kwa vijana, hata wa Toronto na Lucknow. Kisha toka mu chumba, wacha wafanye kazi, na ujiandae: emisyo ya Uingereza kweli, mara nyingi, itakuwa ile yenye kukusema wewe mwenyewe.

Nangoja mawazo yenu, hata wenye hatukubaliane.