Choroa, Mbwa na Mkuki: Kasi Si Hoja

Maandishi mengi kuhusu uwindaji wa mbwa huanza na mbio, kana kwamba mbwa hupelekwa porini ili amshinde swala kwa miguu. Katika nyika za Kalahari, nchini Botswana, maelezo hayo hayasimami. Mbwa wa Wasani, wenyeji wa nyika hizo, ni wadogo na wamekonda, na kongoni akishatimka huwaacha mbali. Hoja yangu ni kwamba kinachoamua matokeo ni tabia ya mnyama pale anapobanwa.

Choroa ndiye ushahidi mkubwa. Dume lake huweza kuzidi kilo 200, na dume na jike wote wana pembe ndefu kama mikuki, zinazokaribia mita moja. Akifuatwa na mbwa, mara nyingi hukimbia kidogo kisha husimama, akakipa kichaka mgongo, akainamisha kichwa na kuanza kupiga pembe huku na huku. Dhidi ya fisi, ukaidi huo una faida. Dhidi ya mbwa wenye mtu nyuma yao, ni mauti. Mbwa hawalazimiki kumuuma; kazi yao ni kubweka na kumzunguka hadi mwenye mkuki afike. Wapo wanaotobolewa matumbo, gharama ambayo wasomi huisahau lakini wenye mbwa hawaisahau.

Upinde una masharti mengine. Mshale hupakwa sumu ya buu la mbawakawa aitwaye Diamphidia. Mwindaji sharti anyemelee hadi karibu kabisa, kisha afuate nyayo kwa saa nyingi, pengine hadi kesho yake, na huenda akakuta simba wamemtangulia. Mkuki humaliza kazi papo hapo. Kwa hiyo mbwa humwezesha hata asiye hodari wa kunyemelea kurudi na nyama kambini, na sifa ya uwindaji huanza kumhamia mwenye mbwa wazuri. Wanaakiolojia nao wanaguswa: Susan Kent, katika makala yake ya mwaka 1993 kuhusu mabaki ya mifupa katika makazi ya Kalahari, aliwataja mbwa miongoni mwa mambo yanayobadilisha mabaki hayo.

Siwatetei mbwa bila masharti. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Hatari hiyo ni ya kweli, ila dawa yake ni chanjo.

Sheria nayo inahusika: tarehe 13 Desemba 2006, Mahakama Kuu ya Botswana iliamua kwamba kuwanyima wakazi wa Hifadhi ya Kalahari ya Kati leseni za kuwinda kulikuwa kinyume cha sheria na katiba. Wanaoandika leseni za aina hiyo wataje mnyama na zana kwa pamoja: choroa kwa idadi maalumu, kwa mkuki, na mbwa waliochanjwa. Kanuni inayomtaja mbwa peke yake haijamwelewa choroa.