Kazi ya Kifafa katika Mahenge

Katika Yubileo hii ya jimbo letu, lililoundwa mwaka 1964, yafaa tukumbuke kazi moja iliyolitangulia jimbo lenyewe: kliniki ya kifafa.

Zamani Wapogoro walikiogopa kifafa kupita maradhi mengi. Walidhani ya kuwa huambukiza kwa povu na mate. Basi mtu alipoanguka, waliokuwapo walikimbia. Akianguka motoni aliungua, akianguka mtoni alizama, wala hapakuwa na mkono wa kumwinua. Wagonjwa walikula peke yao, wakalala peke yao.

Mwaka 1959 alifika daktari mwanamke, Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, na mwaka 1960 akaianzisha kliniki. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobarbitali. Aliandika habari za wagonjwa wake, na za watoto waliokuwa wakisinzia na kuangusha vichwa, ugonjwa uliokuja kujulikana mahali pengi baadaye.

Lakini katika kazi hii kuanza si kugumu kama kudumu. Dawa ya kifafa humezwa kila siku kwa miaka mingi. Ikikatika ghafula, kifafa hurudi kwa nguvu, pengine kikaua. Kabati tupu ni hatari kwa mgonjwa.

Baada ya miaka 30 wagonjwa 164 wa siku zile za kwanza walitafutwa tena, na habari zao zikatangazwa mwaka 1992. Katika siku za kutibiwa, zaidi ya nusu walikuwa wameachwa na kifafa. Hata hivyo 110 walikwisha kufa, na wengi wao kwa sababu ya kifafa chenyewe: kwa maji, kwa moto, au kwa degedege lisilokoma.

Tena hesabu ya vijiji vinne vya Mahenge, iliyotangazwa mwaka 2018, ilionyesha wagonjwa 25 hivi katika kila watu 1,000. Wataalamu wanakihusisha kifafa hiki na usubi, uenezwao na inzi wadogo wa mito iendayo kasi. Na dawa ya usubi, aivamektini, iligawiwa huku tangu mwaka 1997.

Basi, ndugu wasomaji, povu halimwambukizi mtu. Aangukaye na ainuliwe, alazwe ubavu, akae mezani pamoja na nduguze. Na dawa yake isikatike hata siku moja. Hiyo ndiyo shukrani ipasayo Yubileo yetu.